KWA NINI WATOTO WETU WAWE MAKURUTA TU?

Ndugu Wafanya kazi,

Kila mara Jeshi linapotangaza siku ya kuandikisha askari, twaona jambo moja hapa Rodi Kopany. Tangu alfajiri vijana husimama njia panda wakingoja gari. Wengine wametoka upande wa Ndhiwa, wengine upande wa Rongo, wengine wametembea kwa miguu kutoka vijijini. Wamebeba vyeti katika bahasha na viatu vya kukimbilia mkononi. Wanakwenda uwanjani kupimwa urefu, kutazamwa meno na kukimbizwa juani. Jioni wachache sana wamechukuliwa, na wengine wote wanarudi nyumbani na vumbi lao.

Hatuna neno baya juu ya vijana hao. Kazi ya askari ni kazi ya halali, na anayeitaka aende. Lakini twauliza: Mbona vijana wetu wajua mlango huu mmoja tu? Jeshi lina mlango wa kuruta, na lina mlango wa afisa. Siku ya makuruta hutufuata mpaka uwanjani kwetu, hata mtoto mdogo aijua. Mlango wa afisa uko ndani ya kompyuta. Ukikosa kuujua kwa siku chache unafungwa, na mfanya kazi husikia habari zake wakati mtoto wa mkubwa amekwisha kuingia.

Wako wenzetu wanaosema, "Haya si mambo ya chama. Chama ni mshahara, likizo na nyumba ya kazi." Sisi twasema wamekosea, na tutaonyesha kwa nini.

Jambo la kwanza ni hili. Fedha za Jeshi ni kodi. Mkata miwa hulipa kodi anaponunua sukari ile ile aliyoikata. Mwalimu hukatwa kabla hajaushika mshahara wake. Anayelipa gharama ya chuo cha maofisa ana haki ya kuuliza ni watoto wa nani wanaosoma humo.

Jambo la pili. Chama cha wafanya kazi katika nchi hii hakikuanza jana kushughulika na masomo ya vijana. Marehemu Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko hapa karibu, kisiwani Rusinga, alikuwa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Wafanya kazi la Kenya, K.F.L. Baba yake alikuwa mfanya kazi wa shamba la katani. Mwezi wa Septemba 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi 81 iliruka kwenda Marekani kwa juhudi zake na za wenzake. Wakati ule Mkoloni alisema vyuo vya hapa vyatosha na Waafrika wanaofaa ni wachache. Mboya hakukubali kuambiwa idadi ya wanaofaa na mtu aliyefunga mlango. Nasi leo tusikubali.

Jambo la tatu. Habari za cheo cha afisa zilipata kuleta msukosuko mkubwa katika Afrika Mashariki yote, na wafanya kazi waliumia pamoja na askari. Yafaa tukumbushane.

Jeshi la Keya, yaani K.A.R., liliundwa mwaka 1902. Kwa zaidi ya miaka hamsini Mwafrika alipigana ndani yake, katika vita viwili vya dunia, lakini maofisa walikuwa Wazungu. Mwafrika aliweza kuwa sajini, aliweza kufundisha makuruta mpaka sauti ikakauka, na bado akampigia saluti kijana Mzungu aliyefika juzi. Katika miaka ya 1950 wakabuni cheo cha Effendi kwa ajili ya Waafrika. Cheo hicho kilikuwa juu ya sajini lakini hakikuwa sawa na kamisheni ya Mzungu. Ilikuwa kama kumpa mtu kiti na kumwambia akiweke nje ya mlango. Mpaka Uhuru ulipokaribia ndipo Waafrika wachache walipopewa kamisheni kamili.

Matunda yake yalionekana upesi. Januari 20, 1964 askari wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Walidai mambo mawili: mshahara uongezwe, na maofisa wa Kiingereza waondoke ili Waafrika washike nafasi zao. Januari 23 wakaasi wa Uganda kule Jinja. Januari 24 wakaasi wetu wa Lanet, karibu na Nakuru. Kote majeshi ya Uingereza yaliitwa kuzima uasi. Na Tanganyika mambo hayakuishia kambini. Viongozi wengi wa vyama vya wafanya kazi walikamatwa na kuwekwa kizuizini, shirikisho lao la T.F.L. likavunjwa mwaka ule ule, na chama kimoja chini ya Serikali, NUTA, kikawekwa mahali pake. Basi msituambie kuwa cheo cha afisa hakimhusu mfanya kazi. Kenya yenyewe ilingoja mpaka mwaka 1966 kumpata Mwafrika wa kwanza wa kuliongoza Jeshi la nchi kavu, Brigedia Joseph Ndolo.

Twasimulia haya kwa sababu moja. Mkoloni alikuwa na maneno yake: kabila hili ni la vita, kabila lile ni la ukarani, na Mwafrika yeyote ni mtu wa kuamriwa. Mkoloni amekwenda, lakini maneno yake yamepata wenyewe wapya. Siku hizi husikii mtu akisema Mwafrika hawezi kuwa afisa. Utasikia, "Mtoto wa kibarua atafute ukuruta, huko juu kuna watu wake." Ni wimbo ule ule, mwimbaji tu ndiye mgeni.

Tazameni milango yenyewe ilivyo leo. Kwa matangazo ya Jeshi ya miaka ya karibuni, anayetaka kuwa kadeti, yaani mwanafunzi wa uafisa, awe raia wa Kenya wa miaka 18 mpaka 26, awe amepata wastani wa B katika mtihani wa Kidato cha Nne, na C+ katika Kiingereza, Hesabu na somo la sayansi. Akichukuliwa hufundishwa katika Chuo cha Kijeshi cha Kenya, na chuo hicho tangu mwaka 2021 kiko chini ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Ulinzi. Husoma kwa gharama ya Serikali. Akifuzu hupewa kamisheni na kuapishwa mbele ya Rais. Njia ya pili ni ya wenye shahada, kama madaktari, mainjinia na mawakili, ambao huingia kama maofisa wa fani zao. Kuruta yeye hutakiwa alama za daraja la D. Kadeti na mwenye shahada hupeleka maombi yao kwa kompyuta. Kuruta huenda uwanjani na miguu yake.

Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtoto wa mfanya kazi asiombe ukadeti. Sheria haikumfungia. Waliomfungia ni wengine, na yafaa tuwataje mmoja mmoja.

Wa kwanza ni kutojua. Katika mashule yetu wapo vijana kila mwaka wanaopata B na zaidi. Ulizeni wangapi waliambiwa na mtu yeyote kwamba alama zile zinatosha kumfanya mtu kadeti. Mtoto wa mkubwa huambiwa mezani wakati wa chakula. Mtoto wetu huambiwa na nani? Tangazo limo katika gazeti ambalo halifiki kijijini, na katika intaneti ambayo yataka simu nzuri na fedha za kuiwasha.

Wa pili ni karo. Kijana amepata nafasi ya Chuo Kikuu cha Rongo au cha Tom Mboya pale Homa Bay. Mwaka wa kwanza baba anauza ng'ombe. Mwaka wa pili hakuna ng'ombe. Kijana anakaa nyumbani muhula mmoja, mara miwili, akingoja mkopo. Tangu mwaka 2023 Serikali imeleta mpango wa kuwapanga wanafunzi kwa mafungu kufuata umaskini wa nyumba zao, na wazazi wamelalamika kutoka kila pembe kwamba mafungu hayo hayalingani na umaskini wao wa kweli. Mpango huo umefika mpaka mahakamani. Wakati wakubwa wakibishana, miaka ya kijana haisimami. Akimaliza chuo akiwa na miaka 27, mlango wa kadeti umekwisha kumpita, na deni la masomo limo mfukoni.

Wa tatu ni dalali. Huyu tutamsema bila kuficha. Yuko mtu anayevaa vizuri, anayejua jina la kanali asiyemjua, anayemwambia mzazi, "Lete fedha, mimi nina nafasi." Mzazi anauza shamba. Kijana anapewa barua ya kuitwa. Mara nyingi, mwaka baada ya mwaka, vijana wamekamatwa walipofika chuo cha makuruta Eldoret kwa kuwa barua zao zilikuwa za uongo. Shamba limekwenda, fedha zimekwenda, na kijana yuko korokoroni. Jeshi lenyewe hutangaza kila mara kwamba kuandikishwa ni bure na kwamba mtoa hongo na mpokeaji wote ni wakosaji. Basi mzazi anayetoa hongo asijisifu kuwa amempigania mwanawe. Amenunua pingu.

Wa nne ni kukata tamaa. Wazee wetu wengine husema, "Tangu Agosti 1, 1982, Mjaluo hapandi jeshini." Ni kweli kwamba baada ya askari wa Jeshi la Anga kujaribu kuipindua Serikali siku ile, watu wa upande wetu walitazamwa kwa jicho baya kwa miaka mingi. Lakini Francis Ogolla, mwana wa Siaya, aliingia jeshini mwaka 1984, miaka miwili tu baada ya mambo yale, akapata kamisheni mwaka 1985, na mwaka 2023 akawa Mkuu wa Majeshi yote ya Ulinzi. Alikufa katika ajali ya helikopta Aprili 18, 2024, akiwa kazini. Kwa hivyo msiwaambie vijana kwamba haiwezekani. Lakini wakubwa nao wasituonyeshe mtu mmoja aliyepita na kusema mlango uko wazi. Mlango ulio wazi hauhesabiwi kwa jina la mtu, wahesabiwa kwa idadi ya wanaopita kila mwaka.

Sasa twafika kwenye neno letu. Twataka Serikali ifungue njia ya tatu, iliyo wazi kwa kila kaunti: ufadhili wa masomo kwa wanafunzi wa vyuo vikuu na vyuo vya ufundi walio maskini na wanaotaka kuwa maofisa. Serikali ilipe karo, mwanafunzi afunzwe ujeshi wakati wa likizo, na akimaliza apewe kamisheni na kutumika kwa miaka iliyoandikwa. Si jambo geni duniani. Wamarekani wana mpango wa namna hiyo uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1916, na maofisa wao wengi hutoka vyuo vikuu vya kawaida.

Tunajua tutakavyopingwa. Watatokea wasomi waseme, "Mnataka kuununua uhai wa maskini kwa karo. Mwenye fedha atasoma awe mwanasheria, asiye na fedha atasoma ili afe Somalia." Hili ni neno zito, hatutalipuuza. Tangu Oktoba 2011 majeshi yetu yamepigana Somalia, na Januari 2016 kule El Adde waliuawa wengi, makuruta wa juzi pamoja na maofisa wao. Damu si mchezo.

Lakini twawajibu hivi. Maskini tayari wako jeshini. Wamo kama makuruta. Umaskini umekwisha kuwapeleka vitani, wala hamkulia. Tusemapo wapewe nafasi ya kusoma na kuamuru, ndipo mwakumbuka uhai wao? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hatuombi maskini apelekwe vitani. Twaomba kwamba kama lazima aende, asiende daima akiwa wa kuamriwa tu. Na afisa aliyetoka nyumba ya kibarua yaelekea atakumbuka, atoapo amri, kwamba aliye mbele yake ni mtoto wa mtu.

Hata hivyo hatutaki ufadhili wa mtego. Historia imetufunza. Mwaka 1966 Serikali ya Tanzania ilitaka wasomi wote waende Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima, na sehemu kubwa ya mshahara wao ikatwe. Oktoba 22 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana mpaka Ikulu. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400 warudi makwao. Lakini siku ile ile alijipunguzia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Twaweza kubishana kama alifanya vema kuwafukuza. Hatuwezi kubishana juu ya lile la pili: anayemwambia kijana ajitolee, aanze yeye. Hapa kwetu pia, baada ya mwaka 1982, wanafunzi waliokuwa wakiingia chuo kikuu walipelekwa kwanza katika Huduma ya Vijana kufunzwa nidhamu kama ya kambi, na mpango ule ulikufa. Kitu cha lazima hakimfanyi mtu kuipenda nchi.

Kwa hivyo mkataba uwe wa hiari, tena uwe wa haki. Na hapa chama cha wafanya kazi kina neno ambalo wengine hawana.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma. Lakini kifungu cha 24 charuhusu sheria kuipunguza haki hiyo kwa askari wa Majeshi ya Ulinzi na polisi. Mmeelewa maana yake? Mkata miwa akidhulumiwa, ana chama cha kumsemea. Afisa akidhulumiwa hana wa kugoma pamoja naye. Tangu siku ya kiapo, kinywa chake kimo mikononi mwa wakubwa wake. Basi kijana wa namna hiyo ana siku moja tu ya kufanya mapatano, nayo ni siku kabla ya kutia sahihi. Sisi tuliozoea kusoma mikataba na kutafuta maneno yaliyofichwa nyuma ya karatasi, yatupasa kuwa pamoja naye siku hiyo. Je, miaka ya utumishi ni mingapi? Akiumia mazoezini kabla ya kamisheni, nani atamtunza? Akishindwa masomo, atarudisha karo au la? Akifa, mama yake atapata nini, na kwa muda gani? Mkataba usiojibu maswali haya usitiwe sahihi, hata uwe na muhuri wa dhahabu.

Tena Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 238, yasema kuandikisha watu katika vyombo vya usalama kufuate wananchi wote kwa usawa. Na kifungu cha 241 chasema uongozi wa Majeshi uonyeshe sehemu zote na makabila yote ya Kenya. Hatuombi sadaka, twadai yaliyoandikwa. Usawa wa makuruta peke yake hautoshi. Ukigawa makuruta kwa kila kaunti, kisha makadeti ukawagawia marafiki, umegawa jembe kwa wote na mavuno kwa wachache.

Haya ndiyo madai yetu:

1. Tangazo la makadeti na la maofisa wenye shahada lisomwe katika kila baraza la chifu na kubandikwa katika kila shule ya sekondari na chuo, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, kama linavyotangazwa lile la makuruta.

2. Serikali ya Kaunti za Homa Bay na Migori ziweke kompyuta za umma na mtu wa kuwasaidia vijana kupeleka maombi bila malipo.

3. Kila mwaka Serikali itangaze hesabu ya makadeti waliochukuliwa, kaunti kwa kaunti, wanaume na wanawake. Hatutaki siri za vita, twataka hesabu ya haki.

4. Ufadhili wa wanafunzi maskini watakaokuwa maofisa uwekwe kwa sheria, kwa hiari, na mkataba wenye kujibu maswali tuliyoyataja. Mwanafunzi awe na mwaka mzima wa kwanza wa kujitoa bila kutozwa kitu.

5. Kijana aliyecheleweshwa na karo, akiwa na ushahidi wa chuo chake, aongezewe miaka katika kipimo cha umri.

6. Madalali wa nafasi wapelekwe mahakamani, hata wakiwa ni watu wetu.

Na sisi wenyewe tuna kazi. Kila tawi lichague mtu mmoja wa kuangalia matangazo ya Jeshi na kuyabandika ofisini. Wanachama walimu wawaandike vijana wote wenye B na zaidi, wavulana kwa wasichana, na kuwaita wazazi wao. Mzazi atakayeambiwa alete fedha za nafasi alete kwanza habari hizo kwa Katibu wa tawi, kabla ya kuuza hata kuku.

Ndugu Wafanya kazi, siku nyingine ya kuandikisha itakuja, na njia panda yetu itajaa tena alfajiri. Watakaotaka ukuruta waende kwa heshima. Lakini aliye na alama za kadeti asiende kupanga mstari wa makuruta kwa sababu tu hakuna aliyemwambia. Ikiwa hivyo, kosa halitakuwa la Serikali peke yake. Litakuwa letu pia, kwa maana tulijua na tukanyamaza.

UMOJA NI NGUVU.